Valarie afukuzwa kitini kanisani

Jepleting uko wapi? Soma hii saa hii. Bado nina hasira.

Unajua Valarie alitoka jela Alhamisi. Leo akakuja kanisa letu hapa mtaani Rhonda, akaketi mstari wa tatu. Mzee Elphas na ile beji yake ya usher, ya kuonyesha watu viti, akamfuata mbio.

"Dada, hapa ni pa washirika. Wageni wanakaa nje kwa hema."

Mgeni?? Valarie alibatizwa hapo hapo! Na hema haikuwa na mtu hata mmoja!

Maskini Valarie! Akachukua Biblia yake akaanza kutoka, macho chini, na kwaya inaimba ati Yesu anakaribisha wote. WOTE!

Sasa sikia. Cheruto akasimama. Yule Cheruto fundi wa nguo, mwenye Valarie aliibia cherehani mpaka akafungwa! Kwaya ikanyamaza.

Akamshika mkono. "Keti na mimi. Mwenye alikosewa ni mimi, na nilishasamehe. Wewe Elphas, alikuibia nini?"

Alikuibia nini! Elphas akarudi mlangoni akikohoa.

Valarie alilia mahubiri yote, kichwa kwa bega la Cheruto. Tukitoka akamuuliza polepole, "Jumapili nirudi kweli?"

"Rudi. Na ukuje mapema, ukalie kiti cha Elphas."