Kamera Isiyo na Kitufe cha Kufuta

4 Februari

Baba, shikamoo. Na mama, shikamoo.

Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba kiti cha cherehani hakikutengenezwa na mtu mwenye huruma. Kifua chako kinaendeleaje? Yale madawa ya kusafishia picha usijifungie nayo. Ukimaliza kazi, fungua dirisha.

Nina ombi. Ile kamera ndogo ya mama, nyeusi, ya kubonyeza tu, bado ipo? Naiomba. Hapa kiwandani simu tunaziacha getini, kila mtu na kisanduku chake chenye namba, mpaka tukitoka. Nataka kitu cha kupigia picha ndani. Usiniulize za nini, nitakuandikia ikifika. Na tafadhali usinitumie ile yako kubwa ya miguu mitatu. Nataka inayoenea kwenye bakuli la chakula na kifuniko kikafunga.

Binti yenu


13 Februari

Binti yangu, marahaba.

Kifua kinakohoa lakini hakijasusa kazi. Mama yako mzima. Amesimama nyuma ya bega langu anasoma kila neno, kwa hiyo ukiona nimeandika kwa adabu, ujue sababu.

Kamera ipo. Naituma kwa basi pamoja na mikanda ya nyeusi na nyeupe iliyobaki studio. Lakini mimi ni mpiga picha tangu hujazaliwa, siwezi kukukabidhi kitu bila kukwambia ukweli wake. Hiyo si kamera, ni kidude. Lenzi yake haivuti wala hairudishi: ukitaka mtu aonekane mkubwa, msogelee kwa miguu yako. Kidirisha cha kuchungulia kinadanganya: unaona kichwa kizima, picha ikitoka mtu hana utosi. Flashi ina kiburi, ikihisi giza kidogo inawaka bila ruhusa ya mtu. Na kila ukibonyeza, kimashine cha ndani kinalia kama mbu aliyeonewa. Kuibeba hiyo harusini mbele ya wateja, bora niseme naumwa.

Mama yako anataka na maoni yake yaandikwe, maana ni yeye aliyeinunua: "Kwenye picha zako za harusi watu wamesimama kama nguzo za umeme. Kidude changu ndicho kilichowakuta wakicheka."

Nimeandika. Sikubaliani nayo.

Sasa niambie, za nini?

Baba yako


2 Machi

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo na asante. Natumaini hicho kikohozi kimepata adabu.

Kidude kimefika salama na nimekipenda. Maoni yangu kama mmiliki mpya ndiyo haya: ni chepesi, hakiulizi maswali, na mtu akikiona hashtuki. Wenzangu niliwapiga picha nje wakati wa mapumziko, wakacheka mpaka wakasahau kupozi. Wa cherehani ya jirani akanyoosha mkono, "Lete tuione!" Nikamwambia hakuna pa kuionea, mpaka baba asafishe. Akanitazama kama niliyemuuzia mbuzi kwenye gunia. Mkanda huo nimeuweka humu, usafishe.

Sasa nakwambia za nini. Usikasirike kabla hujafika mwisho.

Mwishoni mwa Januari moto uliwaka sehemu ya kupigia pasi. Waya uliungua, kitambaa kikashika. Sisi wa ghorofa ya juu tukakimbilia mlango wa nyuma, ule wenye maandishi ya dharura. Tulikuta mnyororo na kufuli, na mbele yake marobota ya vitambaa yamepangwa hadi shingoni. Baba, watu walisukumana pale. Mimi nilibanwa ukutani nikasikia mbavu zinaongea. Kilichotuokoa ni mama mmoja tunayemwita Mama Pasi. Yeye hakukimbia, aliumwagia moto ndoo za maji baada ya kuzima umeme. Mkono wake umeungua kuanzia kiwiko hadi vidole.

Kesho yake msimamizi wetu, ambaye tunamwita Mluzi kwa sababu anatuita kwa kupiga mluzi kama anaita mbwa, alitukusanya. Akasema Mama Pasi aliungua kwa uzembe wake, na mlango wa nyuma haujawahi kufungwa hata siku moja. "Kama kuna mwenye ushahidi, aulete."

Nitauleta.

Binti yako


10 Machi

Mwanangu, salamu nyingi. Sisi wazima wa mwili. Wa roho usiulize.

Mkanda nimeusafisha, picha ndizo hizi. Kama nilivyosema: wawili hawana utosi na mmoja ana nusu ya sikio. Huyu aliyefungwa bandeji mkononi nadhani ndiye Mama Pasi. Picha yake ni nzuri. Nimesema nzuri, usiniombe nirudie.

Lakini hilo lingine, hapana. Nakukataza kama baba. Wenye kiwanda ni wenye kiwanda, na wewe ni mtu mmoja mwenye bakuli la chakula. Flashi ya hicho kidude itakutoa hadharani kama taa ya gari. Wakikufukuza, utakula picha? Wakikufanyia kingine, mimi nitamshika nani? Kama mlango umefungwa, toka wewe, rudi nyumbani. Chumba chako kipo, na mikono ya kunisaidia studio naihitaji. Sitaki kusikia tena habari ya mlango.

Baba yako

(Chini, kwa kalamu nyingine na mwandiko mwingine:)

Baba yako ameenda kununua stempu. Piga. Simama karibu, miguu ndiyo lenzi. Mama.


24 Machi

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kitandani saa za kazi, kwa hiyo habari mmeshaijua nusu.

Nilipiga. Kamera iliingia ndani ya bakuli, chini ya kifuniko, juu ya wali. Wakati wa mapumziko wenzangu walikaa ngazini wakawa wanabishana kwa sauti kuhusu mume wa mtu, ili yule mbu asisikike. Nikapiga mnyororo. Nikasogea, nikapiga kufuli. Nikapiga marobota, na maandishi ya dharura yaliyojificha nyuma yake. Pale kuna dirisha, mwanga ukatosha, flashi ikanyamaza. Kisha tamaa ikanishika: nikataka na ule ujia wa kuelekea mlangoni, watu waone ulivyo mwembamba. Ujia una giza. Flashi ikawaka, ukuta mzima ukawa mweupe.

Mluzi alikuwa mwisho wa ujia.

"Unafanya nini hapo?"

"Napiga picha mlango ambao haujawahi kufungwa."

Baba, sijui maneno yale yalitoka wapi, lakini sikuyarudisha. Akanipokonya kamera. Akaigeuza nyuma akitafuta kioo. Akaipapasa yote akitafuta pa kufutia, mpaka wenzangu wakaanza kucheka, na hapo ndipo alipokasirika hasa. Akafungua mgongo wa kamera. Mkanda ukaonekana umelala pale, akauinamia, akauangalia kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hata picha hakuna!" Akaubamiza mlango wa kamera, ikalia yenyewe kwa muda ikimeza mkanda, ikanyamaza. Akanitupia. "Chukua takataka yako. Na kesho usije."

Najua mwanga ukiingia mkanda unakufa. Wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa mdogo hata kitasa cha mlango wa chumba chako cha giza sikifikii. Lakini nimekataa kuutupa. Nakutumia hivyo hivyo. Usafishe, hata kama ni kuuzika.

Wala usiniandikie kwamba ulinikataza. Nakumbuka.

Binti yako


31 Machi

Binti yangu,

Leo salamu zitatangulia kwa haraka: wazima, wazima, wazima.

Nilipokea kikopo cha mkanda nikasema huyu mtoto ananipotezea dawa. Mama yako akasema dawa alizilipia yeye pia. Nikaingia chumba cha giza. Nilipoutoa mkanda kwenye maji nikaunyanyua, sehemu kubwa imeungua, nyeusi tititi. Nikataka kuutupa. Kisha nikafika mwisho.

Mnyororo upo. Kufuli lipo, hata namba iliyochongwa inasomeka. Marobota yapo. Maandishi yapo. Hata ujia wako wa tamaa upo, na mwishoni mwake yupo bwana mmoja mdomo wazi.

Nimeikalisha akili mpaka nimeelewa. Kamera yangu kubwa ingekuua. Yenyewe hutoa mkanda kidogo kidogo, picha ulizokwisha kupiga zinabaki nje ya kikopo, na mtu akifungua mgongo, zote kwaheri. Hiki kidude kimepinda akili: ukiweka mkanda kinaukunjua wote kwanza, halafu kila picha unayopiga kinairudisha ndani ya kikopo. Bwana yule aliangalia sehemu ambayo hujaipiga. Alichoma mkanda mtupu. Zako zilishaingia nyumbani na mlango zikafunga.

Miaka yote nimekishika kidude hiki sikuwahi kukisifu. Sasa nasema, na mama yako anashuhudia: ni kamera.

Nimechapa picha kubwa seti kadhaa, zimo kwenye bahasha ngumu. Moja ipeleke ofisi ya ukaguzi wa viwanda, na udai muhuri kwamba wamepokea. Nyingine fanya unavyoona. Sikukatazi tena. Nimejaribu, haifanyi kazi.

Baba yako


14 Aprili

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nilipofungua bahasha nilikaa chini sakafuni. Kisha nikainuka nikavaa viatu.

Ofisi ya ukaguzi, karani alizitazama picha akaniuliza nimezitengeneza kwa kompyuta gani. Nikamwambia hizi zimetengenezwa kwa maji na giza, na negativi, yaani mkanda wenyewe, zipo, akitaka aje aziangalie mwenyewe. Akagonga muhuri. Seti nyingine nimebandika ukutani mkabala na geti la kiwanda, mahali wanapopanga foleni asubuhi. Watu walisimama. Wapo waliofanya kazi mle miaka na hawajawahi kufika ule mlango. Mama mmoja alishika shavu akasema, "Na mimi mashine yangu ndiyo ya mwisho kabisa."

Mluzi alitoka akazichana zote. Mchana zikawa chini, watu wanazikanyaga.

Jana meneja mwenyewe aliniita. Kiti, soda, "dada yangu" kila neno la pili. Akasema kazi yangu ipo, na kwenye mashine nzuri, karibu na feni. Anachotaka ni negativi tu, na sahihi yangu kwamba picha zilipigwa mahali pengine. Nikamuuliza kuhusu matibabu ya Mama Pasi. Akasema hilo ni jambo jingine.

Nikamwambia basi na negativi ni jambo jingine. Soda sikuinywa.

Sasa nashona sare za shule kwa fundi mmoja mtaani. Chumba hakina hata mlango, ni pazia tu, na nimelipenda hilo pazia kuliko unavyoweza kufikiri.

Lakini picha zimekwisha, baba.

Binti yako


20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo. Sisi hatujambo, na kikohozi nimekisahau, nadhani kimeona nina kazi.

Mwambie huyo Mluzi azichane. Negativi ninazo mimi. Akichana leo, kesho zinapanda basi nyingine. Aulize mikono yake kama ina nguvu kuliko chumba changu cha giza. Harusi ya Jumamosi nimemwachia mwenzangu. Mama yako anakata karatasi, mimi nachapa. Tumebishana ipi iwekwe juu: mimi nasema kufuli, yeye anasema yule bwana mdomo wazi. Nimemwachia. Kamera ni yake.

Kwenye bahasha nimeweka na mkanda mmoja, wa mwisho niliokuwa nao.

Baba yako


17 Mei

Baba na mama, shikamooni nyote wawili kwa mpigo.

Samahani kwa kukawia. Niliapa sitaandika mpaka kuna la kuandika.

Picha zenu nilizibandika. Zikachanwa. Nikabandika. Zikachanwa tena, na safari hii niliwakuta wenzangu wawili wameshika gundi kabla yangu. Wiki iliyofuata zilikuwa kwenye ukuta wa kituo cha basi, kwenye duka la nyuzi, na moja nyuma ya mlango wa choo cha wafanyakazi, ambako Mluzi haingii. Kisha wakaguzi wakaja, na karani yule akiwa miongoni mwao, picha mkononi. Walipanda moja kwa moja hadi juu, bila kuuliza njia. Mnyororo wakaukata kwa msumeno wa chuma. Wamesema wenye kiwanda watajibu, na wamtibu Mama Pasi. Kama watatii sijui, na hamtanisikia nikisema ninawaamini. Kazi yangu hawakunirudishia. Nami sikuiomba.

Ila nataka mjue kilichotokea jioni ile.

Nilienda kwenye uchochoro wa nyuma ya kiwanda, nikasimama chini ya zile ngazi za chuma zilizoota kutu. Kengele ya kutoka ikalia. Simu zao zote ziko getini, upande wa pili kabisa, na njia ya getini ndiyo fupi. Nikasikia vishindo juu. Mlango ukafunguka kwa taabu, bawaba zikilia, na Mama Pasi akatokea wa kwanza, akasimama akapepesa macho kwa jua. Akaanza kushuka. Nyuma yake wa cherehani ya jirani yangu. Nyuma yake mwingine, na mwingine.

Mluzi alikuja mbio kuzunguka ukuta, anatweta. "Getini! Kutokea ni getini! Mnakwenda wapi?"

Hakuna aliyekimbia. Walishuka polepole, mikono kwenye kishikio, kama watu wenye nyumba yao. Akapiga mluzi wake. Mama mmoja akasimama katikati ya ngazi, akamtazama, akaendelea kushuka.

Niliwapiga picha nikiwa karibu kabisa, mpaka mkanda ukaisha, na wao walikuwa bado wanatoka.

Binti yenu