Kitambaa Kwenye Bomba la Moshi

Khalayi,

Usiite fundi, mtambo wa maji moto umewaka. Bonyeza swichi, usikie feni ikivuma, ndipo gesi ishike. Isipovuma, zima kabisa.

Wewe hukuharibu kitu. Juzi walipochoma miwa ya jirani, masizi yaliingia kwa bomba la moshi, nikaliziba na kitambaa changu cha kichwa, nikasahau. Asubuhi hii nimekivuta huko nje, feni ilikuwa imekisokota. Na jana nilisema mbele ya akina mama wa kanisa ati kila unachoshika kinaharibika!

~~Usiwaambie.~~ Nimeenda kwao, niwaambie mwenyewe.

Uji uko kwa chupa. Maji moto ya kwanza ni yako na mtoto. Mimi nimeoga baridi.

Mama mkwe wako