Bwawa Langu Halina Maji

Loretta, usicheke. Nimezuiwa kugusa chemchemi iliyo kwenye shamba langu mwenyewe la mlimani!

Asubuhi hii nimechimba mfereji nijaze bwawa la samaki. Mara huyo Harlan, mzee wa bondeni, na koleo begani. "Funga, mama."

Funga! Hapa kwangu!

"Mlima wako, maji yangu. Babu yangu aliyaandikisha serikalini kuwa yake kabla hamjazaliwa. Kuyatazama ruksa."

KUYATAZAMA!

Nikamgeukia Dwight, nikijua mume wangu atanitetea. Wapi! Kumbe aliyetuuzia shamba alimwambia maji hayamo kwenye mauzo, naye Dwight akanificha ili nisikatae kununua.

Unajua alichofanya? Kapokea koleo la yule mzee, kaufukia mfereji wangu, halafu kamuuliza kwa heshima zote, "Nishindilie zaidi, mzee?"