Papa, Nimeiona Echuca

Papa,

Nimerudi juzi kutoka Echuca, na kabla sijafua hata nguo nimekaa hapa jikoni Saint-Josse, kwenye kiti chako. Usinune.

Dada Espérance hajambo. Tangu aolewe kule Echuca, Australia, akakutumia kitabu cha mji wao, ulitusumbua kweli. Kila Jumapili kabla ya kula: uma ndio mto Murray, kisu ndio Campaspe, na katikati unaweka donge la sukari. "Bon, angalia muzuri. Muji iko hapa, fasi mayi inakutana." Hata jina lake, ulisema, kwa lugha ya wenyeji wa asili lina maana hiyo: mahali maji yanapokutana. Kisha unatazama dirishani, Brussels hii iliyoufunika mto wake chini ya barabara, unaguna: "Muji yenye haina muto ni muji namna gani?"

Wewe uliyetia kuni kwenye meli za mto kule kwetu Bukama miaka yote, uliposoma kwamba meli za Echuca zilileta sufu bandarini, treni ikaipeleka Melbourne, ulicheka peke yako. Bukama tupu! Huko nako meli zilipakulia treni mizigo. Baadaye reli zikafika kwa wafugaji wa kondoo wenyewe, meli zikakosa mzigo. Na mimi, siku ile nimechoka na chakula kinapoa, nikakwambia: "Papa, hizo meli zilikufaka zamani. Na kazi yako nayo. Acha tukule."

Ukarudisha sukari kwenye kopo. Hukuipanga tena mpaka ukafariki. Miaka miwili neno hilo limenichoma.

Sasa sikia. Bandari ni mbao nyekundu tupu, imejengwa juu, ghorofa juu ya ghorofa, maana mto unapanda na kushuka sana. Tonton Kasongo, jirani aliyekubishia kwamba hakuna bandari ya ghorofa, aje aombe radhi kaburini kwako. Nilishuka ngazi mpaka chini, nikasikia honi. Papa, meli! Magurudumu yanapiga maji, moshi unatoka, na mzee mmoja mwenye masizi mpaka masikioni anatupa magogo motoni. Siku hizi wanabeba watalii, sawa, lakini moto ni moto. Nilimwomba, akaniachia gogo moja. Nililitupa kwa mkono wangu huu. Nililia, Papa, na nilifurahi sana.

Nisamehe. Hazikufa.

Pumzika sasa. Jumapili wajukuu wako wanakuja kula. Chakula kipoe tu: nitapanga kwanza uma, kisu na sukari.

Binti yako,
Béatrice