Nakwenda Swala

Jumanne, 20 Januari

Msituni tangu saa kumi na moja na nusu. Baridi ya kukata masikio. Mavi mabichi kando ya mfereji, bado yana uvuguvugu. Nimeyagusa. Jike mmoja, kwa ukubwa wa nyayo, na yuko peke yake. Kwa nini peke yake? Wenzake wanatembea kumi, kumi na tano.

Graham hunicheka nikishika mavi. Ni dereva wa lori anayeleta mizigo ghalani kwetu Edmonton. Bunduki ni yake, kibali ni chake, na ana mkataba wa kupunguza swala katika msitu huu wa umma, maana wamezidi na wanamaliza miche. Msimu huu amebakiza mmoja. Ameniahidi: ukimpata wewe, utapiga wewe, mimi nitasimama begani kwako. Nyama yangu. Naitaka frijini kabla ya Ramadhani, maana nikifunga siziwezi hizi maili. Babu yangu kule Kondoa alikuwa mwindaji. Mimi miaka kumi na tisa hapa London nimewinda maboksi.

Asubuhi nimemwambia mke wangu, "Nakwenda swala." Zuwena akasema Allah akutakabalie, akanifunga skafu kwa mkono wake. Hajawahi kunifunga skafu. Sikujua kama anapenda nyama ya swala kiasi hiki.

Jumatano, 21 Januari

Leo sikutafuta swala. Nilitazama watu.

Saa moja, wenye mbwa. Saa moja na nusu, wakimbiaji. Saa mbili, baiskeli. Saa tatu, kina mama na vigari vya watoto. Msitu una watu kama stesheni. Kundi la swala lilikuwa hatua mia kutoka njiani na hakuna aliyeliona. Mama mmoja alipita anagombana na simu yake. Swala wakaendelea kutafuna. Akapita mzee, kimya, akasimama kufunga kamba ya kiatu. Wote wakaondoka mbio.

Kumbe hawaogopi kelele. Wanamwogopa anayenyamaza. Nimelifikiria hili kwenye basi mpaka nikapitiliza kituo.

Jumapili, 25 Januari

Tumekwenda Kilburn kwa Seif, kaka yake Zuwena. Miaka yote Seif ananiita "huyu mtu wa bara". Leo kaniita shemeji, kanikalisha karibu yake, kanipakulia mwenyewe. Mbele ya wageni akasema kuna watu wamezaliwa Unguja mlangoni pa msikiti na hawaamki, na huyu Hamisi kutoka Kondoa, na shifti zake, siku za ofu anatoka gizani kwenda swala ya alfajiri.

Kijiko kimenikwama mdomoni.

Nilisahau kuwa nimeoa Mzanzibari. Kwao mnyama ni paa. Ukimwambia swala, kwake ni sala tu, hakuna mwenye pembe hapo. Mwezi mzima namuaga kila asubuhi ya ofu nakwenda swala, na yeye ananiombea.

Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Biriani ilikuwa tamu na wote walikuwa wananitazama vizuri. Nimeona aibu, lakini nimekula mara mbili.

Jumanne, 27 Januari

Leo nimesema "natoka". Zuwena akajibu vilevile, Allah akutakabalie. Nikashuka ngazi haraka.

Nimepagundua anapolala yule jike. Sikuamini. Siyo katikati ya msitu, penye miti minene, nilipopoteza wiki nne. Yuko ukingoni kabisa, ukanda mwembamba wa miiba ng'ambo ya barabara kuu, malori yanapita usiku na mchana. Hakuna anayepeleka mbwa pale, panatisha. Amejificha penye kelele. Nimekaa nikijiuliza kajifunza kwa nani. Kwa mama yake? Au alijaribu kila mahali, pakabaki hapo?

Nimeandika kwenye karatasi ili nisisahau, nikaitia mfukoni mwa koti: Saa moja kasoro. Yuko peke yake. Amenitazama, hakukimbia. Mzuri sana. Kesho tena.

Jumanne, 3 Februari

Graham kaweka mabango ya kufunga upande ule hadi saa mbili. Tumejilaza kwenye unyevu. Saa moja kasoro dakika tano akatokea. Nimekwisha kuvuta bismillahi, imefika kwenye ulimi. Mbwa mweupe akaruka bango, na mwenyewe nyuma akiita. Basi. Graham katukana matusi ambayo sikuyajua, na mimi nafanya kazi ghalani.

Kesho hawezi, ana safari. Imebaki Jumanne ijayo tu. Baada ya hapo mkataba wake unakwisha.

Ijumaa, 6 Februari

Siku mbaya.

Seif alikuja Edmonton Jumanne alfajiri, makusudi, asali na mimi. Akanitafuta msikitini. Akaulizia. Hakuna anayemjua Hamisi wa alfajiri. Akampigia dada yake.

Nimerudi kutoka kazini, Zuwena kakaa mezani na ile karatasi yangu mbele yake. Nikajua yametoka. Kusema kweli nilishusha pumzi, nilikuwa nimechoka kuombewa.

Akaniuliza bila kunyanyua uso, "Anakaa wapi?"

Nikamwambia ng'ambo ya barabara kuu. Tangu lini? Nikasema namfuatilia tangu Desemba. Kila siku anakuona? Hapana, nikasema, ni muoga, anatoka asubuhi tu, lakini ameanza kunizoea. Na Graham anajua? Nikasema Graham ndiye aliyenipeleka.

Akaondoa sahani yangu, ikiwa na chakula, akaimwaga. Nikafikiri kakasirikia uongo wa msikitini. Nikaona ana haki.

Jumamosi, 7 Februari

Nimelala sebuleni. Asubuhi binti yangu Nasra kasimama mlangoni, kaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, huyo mwanamke ni nani.

Mwanamke yupi?

Nikaisoma ile karatasi tena, kwa macho ya mke. Nikacheka. Heri nisingecheka. Zuwena alikuwa nyuma ya Nasra.

Nimemweleza yote. Mnyama, bunduki ya Graham, swala na swala. Akasema miaka kumi na minane ya ndoa, na uongo wenyewe hukuutafutia hata akili: paa, London, tena kando ya motorway? Nikamwonyesha picha kwenye simu. Picha ni kichaka na kitu cha kahawia. Akasema hiki kichaka.

Naogopa. Sijaogopa hivi tangu siku ile ya barua ya uhamiaji kutoka Home Office. Sitaki nyama tena. Namtaka mke wangu anitazame.

Jumanne, 10 Februari

Nimempigia Graham jana: nakuja na mke wangu. Akasema haya, asogee nyuma.

Kwenye basi Zuwena alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma. Kavaa koti la Nasra na viatu vya kazini. Tulipoingia msituni ndipo alipoanza. Alianza na karatasi, akaja kwenye msikiti, akamaliza na mama yangu. Alisema mwanamke mwingine angalau ni jambo lenye jina lake. Mimi nilimwacha akaniombea Mungu kwa jambo lisilokuwepo, na nikajua, na nikanyamaza. Nikajitetea hata hivyo, kwa sauti. Tukagombana njia nzima, Graham nyuma anatembea kama anayesindikiza maiti.

Na yule jike akatoka kwenye miiba, hatua hamsini, anatafuna. Hakutujali. Mume na mke wanagombana, ni watu wa kawaida hao.

Graham kasimika fimbo tatu, kaweka bunduki juu, kanivuta bega. Nyuma ya jike palikuwa na kilima cha udongo, salama. Nimemwona kwenye kioo cha bunduki, masikio, pumzi yake kwenye baridi. Kidole mahali pake.

Zuwena akasema polepole, "Paa." Akanyamaza.

Hapo hapo kichwa juu, na hayupo. Miiba inatikisika tu.

Graham kakunja fimbo zake. Kanipa mkono, kampa na Zuwena. Hakulaumu mtu. Nilidhani nitaumia zaidi ya nilivyoumia.

Jumapili, 15 Februari

Nimempigia Seif mwenyewe, kabla hajapigiwa. Nimemwambia sikuwa msikitini hata siku moja, na siku nyingine alfajiri yenyewe niliilipa mchana. Akasema kosa la neno si kosa, shemeji, kosa ni biriani ile uliyokula ukijua. Akaongeza kuwa ameshawasimulia watu wengi, sasa itabidi niwe hivyo kweli. Atakuja Ramadhani ikianza, atanipitia.

Hajaniita mtu wa bara.

Jumanne, 17 Februari

Mwezi unatazamiwa leo au kesho. Leo ofu. Nilikuwa nimeamua kulala. Saa kumi na mbili Zuwena kasimama na koti, ameshasali, anauliza kama yule paa bado yuko.

Tumekwenda wawili, bila Graham, bila bunduki. Alitaka kujua kila kitu. Kwa nini peke yake? Sijui. Analala saa ngapi na malori yale? Sijui pia. Akasema tuwe tunazungumza, paa asishtuke, tukazungumza habari za unga na bei ya tende. Tulimwona robo saa nzima. Ana kovu pajani, Zuwena ndiye aliyeliona, mimi wiki zote sikuliona.

Hajasema amenisamehe. Sikuuliza. Kurudi, njia ilikuwa matope matupu, akanishika mkono asiteleze. Tulipofika kwenye lami hakuuachia.