Hodi kwenye Meza ya Marehemu

Husby, Stockholm
15 Februari 1978

Mpendwa dada yangu Leokadia,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii inayong'ata masikio. Hujambo huko Bukoba? Magoti yanasemaje? Mimi mzima, meno yamebaki sita, lakini hakuna hata moja lililo likizo.

Najua unaruka mistari kumtafuta mjukuu wako Zephania. Tulia. Mafunzo yake ya vitendo yanakwisha mwezi ujao, na bila karatasi yenye sahihi ya kiwanda, chuo hakimpi stashahada. Hapo ndipo palipotutoa jasho kwenye theluji.

Kiwanda hiki ninachofagia hutengeneza vyuma vya breki za malori. Zephania aliwekwa kwenye ukaguzi: unagonga chuma kwa nyundo ndogo, unasikiliza. Kikilia kama kengele, kizima. Kikilia kama chungu chenye ufa, tupa. Meza aliyopewa ilikuwa ya mzee Lindvall, Mswidi aliyefariki kabla ya Krismasi.

Nikamwambia, kwetu hatushiki nyundo ya marehemu bila kubisha. Mtoto akatii: "Hodi, mzee Lindvall." Mimi mpumbavu, nimejificha nyuma ya makabati na fagio langu, nikajibu kwa sauti nzito: "Karibu!" Wala hakujiuliza Mswidi alijifunzia wapi Kiswahili.

Dada, kicheko kiliisha kesho yake. Zephania akigonga mara moja, tunasikia milio miwili. Wa pili unatoka ng'ambo ya meza, pasipokuwa na mtu. Nikasema ni mwangwi. Lakini wiki iliyopita chuma kililia vizuri chini ya nyundo yake, na ule mlio wa pili ukajibu kama chungu chenye ufa. Akagonga kingine, vilevile. Sanduku zima. Nilikuwa papo hapo. Nywele za kisogo zikanisimama, nazo unajua ni za kuhesabu.

Bwana Hedlund, msimamizi wa mafunzo yake, alitaka sanduku liondoke Ijumaa. Akamwambia Zephania atie sahihi kwamba ni vizima, la sivyo naye hatatia kwenye karatasi yake.

Mtoto akanijia midomo imekauka. "Babu, niambie kweli. Ile 'karibu' ulikuwa wewe?"

Ningekiri, angeona yote ni utani wa mzee, angetia sahihi, angerudi na karatasi yake. Nikayafikiria malori yale kwenye mteremko.

"Mimi? Siku ile nilikuwa chooni."

Hakutia sahihi. Hedlund akafoka, akaamuru chuma kimoja kikatwe kwa msumeno ili amwaibishe mbele ya wenzake. Ndani mlikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Kikakatwa cha pili, hivyo hivyo. Karatasi ya mtoto Hedlund akaitia sahihi palepale.

Basi anakuja Machi. Akikuuliza kama kaka yako ni mwongo, kanusha, kisha ukaungame kwa padri.

Zephania amehamishiwa ofisini kumalizia siku zake, meza haina mtu. Leo asubuhi nilisogeza ile nyundo nifagie vumbi. Chumba kizima barafu, Leokadia, lakini mpini wake ulikuwa na joto la mkono. Nikairudisha ilipokuwa, nikamwamkia mzee Lindvall.

Nisalimie Theresia na mzee Bethuel. Mungu akupe usingizi mzuri, anipe na mimi.

Ni mimi kaka yako nikupendaye hata ukinitukana,
Gervas