Boksi la Baba Mnadani

Ijumaa, 4 Julai. Mbeya

Baridi ya kukata masikio. Nimechelewa kufungua duka, na hata hivyo nikafuta vumbi kwenye maboksi kabla sijawasha mashine ya fotokopi. Kila Ijumaa hivyo. Kitambaa kikavu. Karatasi ya zamani haitaki maji.

Yapo matano, rafu ya juu nyuma ya kaunta. Yote matano ya ndege moja. Ndege ya abiria ya Wamarekani iliyokuwa iende kasi kuliko sauti, mbawa zikikunjuliwa wakati wa kupaa na kukunjwa ikishashika kasi. Haikupaa. Waliifuta hata ya kwanza haijakamilika. Lakini viwanda vya midoli vilikuwa na haraka kuliko wenye ndege, vikawa vimeshatoa vipande vya plastiki vya kuunganisha nyumbani, na boksi lenye picha yake ikipita juu ya mawingu. Hayo ndiyo ninayokusanya. Mengine yamenifikia kwa posta baada ya mimi mwenyewe kusahau kwamba niliagiza. Sijawahi kuunganisha hata moja. Ukishaunganisha umebaki na mdoli tu.

Mwalimu mmoja aliyekuja kutoa kopi za mitihani ameniuliza kama nauza. Nikasema siuzi. Akacheka: "Mama mzima na midoli!" Nimemtoza bei ileile, ila pini za kubania karatasi sikumpa.

La sita ndilo la kwanza kwangu. La baba. Liko Kilolo kwa Filbert, mdogo wangu, tangu tulipomzika mama mwaka jana. Alibeba vitu vya nyumba ya wazazi, Tosamaganga, kwa pikapu kabla sijamaliza kuosha masufuria ya msiba. Nikiliomba anasema, "Tutaongea, dada." Mwaka mzima tutaongea.

Jumatatu, 7 Julai

Nimempigia Filbert. Nimemwambia wikiendi hii nakwenda kulichukua. Sikuomba, nimesema. Akaanza habari za viazi na mbolea. Nikamwuliza kama amenisikia. Amenisikia.

Haelewi, au anajifanya. Baba alikuwa seremala kwenye karakana ya misheni. Fundi mmoja Mzungu aliporudi kwao alimwachia lile boksi. Likakaa juu ya kabati. Jumapili baada ya misa baba analishusha, anatuonyesha vipande bila kuving'oa kwenye fremu yake, mimi na Filbert tumekaa mkekani mikono nyuma. Aliahidi tutaiunganisha sote watatu siku akipata gundi ya plastiki. Gundi ya mbao hakutaka kuisikia.

Nikaletwa bweni huku Mbeya. Kila likizo nikifika, kabla ya kuvua viatu, nauliza. "Bado gundi, mwanangu." Mshahara wangu wa kwanza niliitafuta hiyo gundi Dar es Salaam nikampelekea. Akashukuru sana. Akaiweka kwenye droo. Baadaye akaanza kuumwa, na mgonjwa huwezi kumsumbua na midoli. Akafa haijaunganishwa.

Ndiyo maana nakusanya. Najua. Sihitaji mtu wa kunifafanulia.

Alhamisi, 10 Julai

Wifi amepiga. Mama Tumaini, mke wa Filbert. Sauti ya chini, nadhani alikuwa jikoni amejifungia.

"Wifi, usije ukasema nimesema mimi. Baba Tumaini kalitoa lile boksi mavuno. Linanadiwa Jumapili."

Nimekaa chini. Mavuno! Watu wanapeleka mahindi na kuku madhabahuni, baada ya ibada vinanadiwa nje ya kanisa. Filbert ndiye dalali wao, mzee wa kanisa mwenye maneno mengi. Sisi tumezaliwa Wakatoliki. Yeye alipooa Kilolo akageuka Mlutheri, nikawa namtania kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Sasa naona utani wangu ulikuwa mdogo.

Kilichokwenda madhabahuni hakirudishwi nyumbani. Anajua hivyo, na anajua nami najua. Amelitoa kusudi, nisije nikalichukua. Bora tukose wote. Boksi la baba limeota kwenye shamba lake lini?

Nimempigia mpaka betri ikaisha. Hapokei. Kwa hasira nimemkabidhi mteja kopi za cheti cha ndoa cha mtu mwingine. Karudi anacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 12 Julai. Iringa

Basi limesimama Nyololo, abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchemsha. Nimebaki kwenye kiti. Sina njaa tangu juzi.

Nimechukua chumba mjini. Kwa Filbert silali. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi nguo hiyo nimeivaa tangu utoto. Nilimbeba mgongoni yule. Nilimfundisha kuhesabu.

Nitalinunua kama mtu yeyote. Mnada ni mnada. Wanipandishie watakavyo.

Jumapili, 13 Julai. Kilolo, halafu Iringa tena

Naandika haraka kabla sijaanza kujidanganya jinsi ilivyokuwa.

Nilifika ibada ikiwa katikati. Nikakaa nyuma. Filbert yuko mbele na suti yake ya harusi ya binti yake. Hakuniona mpaka tulipotoka nje, kwenye mnada. Alikuwa ameshika maiki, anachekesha watu juu ya jogoo. Akageuka, akaniona, sentensi ikamkatikia mdomoni.

Boksi lilikuwa chini katikati ya maboga. Limezungushiwa selotepu pande zote. Picha imepauka lakini ndiyo, ni lile.

Aliliruka. Akanadi viazi, akanadi mayai, akarudi kwenye maboga, boksi halitaji. Mwishowe mchungaji mwenyewe akanyoosha kidole: "Na ndege yetu je, Mzee Filbert?" Watu wakacheka. Tajiri mmoja wa mbao akasema ananunua yeye apande bure mpaka Ulaya. Nikapandisha. Akapandisha. Yeye anacheza, mimi sichezi, na mtu anayecheza huchoka mapema. Likawa langu.

Sasa kuna desturi yao. Hapa anayenunua haondoki nacho. Ananunua, anashangiliwa, anakirudisha kinanadiwa tena. Jogoo yule nilimwona akiuzwa na kuuzwa, na bado amelala palepale anahema. Filbert hakunipa nafasi hata ya kuvuta pumzi. "Dada yangu kutoka Mbeya!" akapiga kelele. "Anarudisha kwa Bwana!" Vigelegele. Kwaya ikadaka wimbo. Mama mmoja mnene akashika boksi upande wa pili ili alirudishe kwenye maboga.

Sikuachia.

"Sirudishi," nikasema. Maiki ikalibeba neno hilo mpaka barabarani.

Kwaya ikafa sauti moja baada ya nyingine. Filbert akashusha maiki, akanisogelea. "Rudisha, dada. Nakuomba." Aliomba kweli. Macho yalikuwa ya mtu anayeogopa. Nikadhani anaogopa aibu mbele ya kanisa lake. Nilifurahi. Nakiri kwa mkono wangu mwenyewe, nilifurahi sana.

Bibi mmoja akanishika mkono, akanisalimia Kihehe kwa upole wote. "Kamwene, mwanangu. Karibu sana. Ila hapa kwetu hatufanyi hivyo." Afadhali angenitukana.

Nililipa, nikalibeba. Hakuna aliyenizuia na hakuna aliyenisindikiza. Wifi alijificha nyuma ya kwaya.

Nimemnyima Mungu kwa ajili ya boksi. Ndivyo watakavyosimulia. Wasimulie.

Jumatatu, 14 Julai. Mbeya

Limefika salama. Safari nzima nililipakata. Kondakta kauliza kama ni keki.

Yapo sita rafuni. Nimesimama nikiyatazama mpaka wateja wakaanza kugonga kaunta. Nilitegemea furaha kubwa zaidi ya hii.

Wifi kaandika kwamba Filbert hali, hasemi. Sikujibu. Ajue ladha yake.

Jumanne, 15 Julai

Leo nimelishusha ili nilipange vizuri, katikati, na nikaliinamisha kidogo.

Maboksi mengine ukiyainamisha vipande vinachakarika, kama mchele kwenye ungo. Sauti hiyo naijua kuliko sauti za ndugu zangu. Hili halikuchakarika. Liligonga. Kitu kimoja, kizima, kikahamia upande wa pili.

Nimefunga duka. Nimeweka kiwembe kwenye selotepu, nikakitoa, nikakiweka tena. Sijawahi kufungua boksi maishani mwangu.

Ndani kuna kipande cha kanga ya mama. Ndani ya kanga kuna ndege. Imekamilika. Nyeupe, mstari wa buluu ubavuni, mbawa mbili, mkia, magurudumu. Maungio yamepigwa msasa mpaka huyaoni. Nani mwingine hupiga msasa namna hiyo? Na chini ya mkia, kwenye rangi, alama za vidole. Vidogo. Vya mtoto wa kiume wa darasa la nne au la tano.

Pembeni, gundi niliyonunua Dar es Salaam. Kifuniko hakijawahi kuguswa.

Basi.

Jumatano, 16 Julai

Filbert amepokea mlio wa kwanza. Alikuwa anangoja.

Sikumsalimia. Nikamwuliza lini. Akasema muhula uleule niliokwenda bweni. Gundi ililetwa misheni na mgeni, baba akapewa. "Alisema wewe umeshaondoka, dada, na mtoto wa kike akishaondoka ameondoka. Tukaanza. Halafu ukaja likizo, ukauliza, akaona aibu. Akaniambia nisiseme."

Nikamwuliza kwa nini aliendelea kukaa kimya baba alipokufa.

"Nilikuwa mdogo."

"Sasa una mjukuu, Filbert."

Nikauliza kama mama alijua. Alijua. Ndiye aliyetoa kanga.

Kwa hiyo nyumba nzima ilijua isipokuwa mwenye kuuliza. Kila likizo nilisimama mbele ya kabati lile na viatu miguuni, nao watatu wakinitazama. Baba akisema bado gundi kwa sauti ileile ya upole. Mama akiniita nikale. Na siku ile niliyompa gundi, alinishika kichwa, akaniombea baraka. Alikuwa na nafasi ya kusema. Alichagua kuniombea.

Filbert kasema alitaka boksi liende mbali, kwa mtu asiyejua, ili nisilifungue. "Nilitaka ubaki na baba uliyenaye." Alikuwa analia. Namwamini. Hainisaidii kitu. Nimekata simu.

Nachukia kwamba alikuwa ananionea huruma. Nachukia zaidi kwamba nilimshinda.

Jumamosi, 19 Julai

Sikufuta vumbi jana.

Nimemwambia mwalimu wa mitihani kwamba anaweza kununua moja kama bado anataka. Akasema alikuwa anatania tu.

Jumapili, 27 Julai

Sikwenda misa. Nimekaa nyumbani, mlango wazi, jua la saa nne likiingia mpaka mezani.

Wifi anasema Filbert ameiachia maiki. Hawakumfukuza, ameiweka chini mwenyewe. Nimetuma sadaka kwa kanisa lao, bila maneno. Si kwa ajili yake. Ni kwa ajili ya yule bibi. Filbert kapiga asubuhi, sikupokea. Kesho labda. Labda si kesho.

Ndege iko mbele yangu mezani. Nimeitoa kwenye kanga kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nimesukuma mbawa kwa kidole kimoja. Zinakwenda. Zinakunjuka pamoja, zinarudi pamoja, laini, bila mlio, baada ya miaka yote hii.

Nimechukua miwani nikatafuta kosa. Gundi iliyovuja, mstari uliopinda, tundu, chochote. Nimeigeuza na kuigeuza. Ukiacha vidole vya Filbert, hakuna. Baba aliifanya kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Alikuwa na furaha alipoifanya, inaonekana.

Angeiharibu, ningemsamehe.